Je, Mnunuzi Hana Hatia?

Liko swali ambalo wengi wetu twalipita kando, kama mtu apitavyo shimo njiani. Mtu akiuza kitu kilichokatazwa, hatia ni ya nani? Je, ni ya muuzaji peke yake, au mnunuzi naye anayo sehemu yake? Nalileta swali hili kwa ajili ya mchezo mmoja wa kale wa televisheni, ambao watu wengine huutazama hata leo.

Mchezo huo waitwa The Untouchables, yaani watu wasionunulika kwa rushwa. Ulioneshwa Marekani tangu mwaka 1959 hata 1963, nao wasimulia habari za Eliot Ness na wenzake, waliopigana na wauza pombe ya magendo katika mji wa Chicago. Humo kila jambo ni wazi. Upande huu wako askari waaminifu, upande ule wako majambazi wenye bunduki. Mapipa yavunjwa, pombe yamwagika, na mtazamaji huenda kulala moyo wake umetulia. Lakini mtu mmoja haonekani sana, naye ndiye aliyelipa fedha zote zile. Mtu huyo ni mnywaji.

Basi tuzitazame habari zenyewe. Sheria ya Marekani ya kukataza vileo ilianza kutumika Januari 1920, ikafutwa Desemba 1933. Makanisa mengi ya huko yaliipigania, maana waliona nyumba zilivyoharibiwa na ulevi. Bali Walutheri wengi wa asili ya Kijerumani hawakuipenda. Sheria ile ilikataza kutengeneza kileo, kukiuza na kukisafirisha, haikukataza kukinywa. Tena mwaka 1930 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kwamba mtu aliyenunua kwa kunywa tu hakutenda kosa chini ya sheria hiyo. Hivyo muuzaji alifungwa, na mnunuzi akaenda zake nyumbani. Mtu mwenye cheo aliweza kuwalaani majambazi mchana, na usiku akaugonga mlango wao. Al Capone, mkubwa wa magendo ya Chicago, alihukumiwa mwaka 1931 kwa kosa la kutolipa kodi. Lakini kiu ya mji haikufungwa pamoja naye, na biashara ikaendelea kwa mikono mingine.

Sasa tugeuke tutazame kwetu. Kinywaji tukiitacho gongo, sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 hukiita moshi, nayo ilikataza kukitengeneza pasipo leseni. Sukari au matunda huchachushwa kwa hamira ndani ya pipa, kisha huchemshwa, na mvuke wake hupita katika mrija uliopozwa kwa maji, ukashuka tone kwa tone. Tuchukue mfano wa mama mjane akaaye Jangwani, karibu na bonde la Msimbazi. Ana watoto watatu, hana shamba, wala hana kizimba sokoni Kariakoo. Apika gongo usiku ili watoto wapate kula. Askari wajapo humchukua yeye na pipa lake. Wazee wa usharika wakutanapo humtenga yeye na Meza ya Bwana. Lakini wale walioketi uani kwake na kumwachia fedha zao, wako wapi? Je, hakuna hata mmoja wao aliyeketi katika baraza lile limhukumulo?

Sisemi kwamba mama huyu hana hatia. Pombe za namna hii zaweza kuua. Mwezi wa Novemba 2000, mjini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe ya magendo iliyokuwa na methanoli. Apikaye kitu kiwezacho kumpofusha jirani yake hawezi kujificha nyuma ya umaskini. Nisemalo ni hili tu: hatia ile ni ya watu wawili, nasi twamtwika mmoja, tena aliye mnyonge zaidi.

Labda mtu ataniuliza: Je, mwaka 1983, serikali ilipowaandama walanguzi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, hata wengine wakaitupa mali yao kwa hofu, yule mama aliyekuwa amenunua sabuni kwa mlanguzi ili amwogeshe mtoto, naye alikuwa mwovu? Ni swali la haki. Hapa yatupasa kupambanua haja na tamaa. Yule wa sabuni alisukumwa na haja, na dukani sabuni haikuwapo. Kama ana hatia, ni nyepesi. Lakini anunuaye gongo kwa tamaa hampatii mtoto kitu. Mara nyingi amnyang'anya. Yuko pia yule ambaye kileo kimekwisha kumfunga. Huyu ni mgonjwa, ahitaji kushikwa mkono kuliko kukemewa.

Kwa wengine wote kipimo ni rahisi. Kila mtu ajiulize: Je, kitu hiki naweza kukinunua mchana, watoto wangu wakinitazama, na yule anayeumizwa nacho akiwa amesimama mbele yangu? Kama siwezi, basi najua tayari kwamba hatia si ya muuzaji peke yake.

Kwa hiyo, ninyi wazee na wainjilisti, kabla ya kumtenga mama wa namna hii, ulizeni kwanza ni nani walionunua kwake. Kisha ulizeni usharika umempa nini badala ya lile pipa, hata kama ni mtaji wa beseni moja la maandazi. Tukimwondolea pipa tu, na wanunuzi wakabaki na kiu yao, kesho pipa lingine litachemka katika ua wa pili. Wahenga walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Majambazi wa Chicago wako mbali nasi. Mnunuzi yu karibu.