Juu ya Amana ya Majibu ya Damu

Mwezi huu twataka kulifikiri swali ambalo wengi huliona kuwa la waganga tu, wala si la wachungaji na wainjilisti. Swali ni hili: mtu akipimwa damu, na katika damu ile likaonekana jambo lisilo la kawaida, naye asirudi kuambiwa, wala asiwepo wa kumfuata, deni ni la nani? Tena, yeye asiyetaka kujua, je, aweza kusema kwamba hana hatia kwa kuwa hakujua?

Hatuliulizi kwa kupenda mabishano. Twaliuliza kwa sababu sisi wenyewe tumo ndani yake.

Mwaka 2017 watu wa hospitali walikuja usharikani kwetu siku ya Jumamosi. Waliotaka kupimwa walikuwa wameagizwa waje asubuhi pasipo kula, wakatolewa damu, ikapelekwa mjini. Baada ya majuma mawili majibu yakaletwa katika bahasha zilizofungwa, tukapewa sisi tuzigawe baada ya ibada. Tukazigawa. Zikabaki tatu za watu wasiokuwako siku ile, nasi tukazitia katika kabati ya sakristia, juu ya vitabu vya nyimbo, tukisema moyoni, Jumapili ijayo. Jumapili ile palikuwa na ubatizo. Iliyofuata palikuwa na msiba. Msomaji aweza kuimaliza habari hii mwenyewe.

Bahasha moja ilikuwa ya mama mjane, mwimbaji katika kwaya ya wazee. Mwezi wa tano tangu kupimwa alipata kidonda mguuni kisichopona, na alipofikishwa hospitali vidole vitatu vilikuwa vimeoza, vikakatwa. Ndipo mwanawe alipokuja kutuuliza kama majibu ya mama yake yalifika. Tukaifungua kabati. Kijana akaifungua bahasha mbele yetu. Palikuwa pameandikwa sukari 13.4, na chini yake maneno machache ya kalamu: arudi kupimwa tena upesi.

Tulikwenda kumwona mama yule, tukamweleza yote pasipo kuficha. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, hata mimi nilijua ya kuwa karatasi ipo. Kila Jumapili niliiona kabati ile, nikapita. Nilisema, kama lingekuwa jambo baya wangeniita."

Neno lile, wangeniita, limekaa nasi miaka hii yote. Mgonjwa hudhani kwamba kimya ni habari njema. Mchungaji hudhani kwamba mgonjwa atauliza. Hospitali hudhani kwamba bahasha iliyotoka imefika. Hivyo deni lililowekwa juu ya watatu likawa halina mwenyewe. Wala mambo haya si ya kwetu tu, penye barabara mbovu. Mwaka 2009 ilitangazwa huko Marekani habari ya uchunguzi wa daftari za wagonjwa zaidi ya 5,000. Katika majibu yaliyokuwa na kasoro ya kuhitaji kuarifiwa, karibu 1 katika 14 hayakumfikia mwenyewe, ama hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba yalimfikia. Wazee wetu husema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini sisi twapenda kukiita amani.

Yatupasa kusema pia juu ya kosa la upande wa pili, maana tumeliona. Mwalimu mmoja mstaafu alipewa karatasi yake mkononi, akaona herufi ya kuonya kando ya hesabu ya chembe nyeupe za damu. Hakumwuliza mtu. Akawaita wanawe kutoka mbali, akaanza kuwagawia shamba. Mkwewe, aliye mwuguzi, ndiye aliyemrudisha kwa daktari, akapimwa mara ya pili, akaonekana kuwa mzima kabisa. Chembe zake zilikuwa chache kwa kipimo cha Wazungu, basi. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana chembe nyeupe za aina moja zilizo pungufu kuliko za Wazungu, wala si wagonjwa. Nao ni urithi uo huo wa damu uwafungiao mlango aina moja ya malaria. Mipaka iliyochapwa katika karatasi nyingi ilitwaliwa kwa kupima watu wa Ulaya na Marekani. Ndiyo sababu wataalamu wamepima watu wenye afya huko Mbeya na Kilimanjaro, ili ijulikane damu ya mtu mzima wa hapa ilivyo.

Hata mipaka iliyo ya haki, yafaa tujue inavyowekwa. Hupimwa watu wenye afya, kisha hutwaliwa 95 walio katikati katika kila 100, na wale 5 wa kandokando huachwa nje, ingawa ni wazima kama wenzao. Basi mtu mwenye afya akipimwa mambo 20, si ajabu moja likatoka nje ya mpaka. Tena damu iliyokaa njiani hudanganya. Sukari hupungua katika chupa kwa kuwa chembe za damu huila, na chumvi iitwayo potasi huonekana nyingi chembe zile zikipasuka.

Kwa hiyo tarakimu iliyotoka nje ya mstari tungeifananisha na mchakacho ausikiao mlinzi usiku. Hajui bado kama ni mwizi au mbuzi aliyekata kamba. Akipiga yowe na kuamsha kijiji kizima, amekosa; akijifunika blanketi, amekosa zaidi. Kazi yake ni kuwasha taa akaangalie. Sukari ya mtu aliyefunga kula ikifika 7.0 au zaidi, huhesabiwa kuwa kisukari. Lakini asiyeona dalili yoyote mwilini hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa. Maneno yale ya kalamu, arudi kupimwa tena, yalikuwa sehemu ya kipimo chenyewe. Mwalimu alikosa kurudi kwa hofu, mama alikosa kurudi kwa tumaini, na wote wawili walisimama katikati ya njia wakidhani wamefika.

Basi, je, asiyejua hana deni? Twaona kwamba kuna kutojua kwa namna mbili. Yuko asiyejua kwa sababu hakuna aliyemwambia; huyu hatumlaumu. Yuko na yule aipitaye kabati kila Jumapili. Kutojua kwake amekuchagua, na kitu alichokichagua mtu ni tendo lake. Lakini twajihadhari tusimtwishe mama yule mzigo mzito. Hofu ina sababu zake. Mzee mmoja alituambia, "Mtanipa habari ambayo sina fedha ya kuijibu." Hatukuwa na jibu la kumnyamazisha, wala hatukulitafuta. Tulimwambia tu kwamba habari aliyo nayo mtu mmoja haina wa kumsaidia kuibeba, na kwamba nauli ya kwenda wilayani ni jambo ambalo wazee wa kanisa waweza kulizungumza.

Sisi tulioishika bahasha tulikuwa katika hali nyingine. Kwetu ilikuwa amana. Mtu akikupa ng'ombe umfikishie nduguye, huwezi kumfunga penye mti njiani ukasema umemaliza. Nao walioituma hawakumaliza, kwa kuwa waliukabidhi mkono wetu pasipo kuuliza siku yoyote kama ulifika. Msamaria aliyemwokota mtu njiani hakuishia kumfunga vidonda na kutoa dinari mbili. Alimwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba atapita tena. Tumehubiri habari ile mara nyingi, tukikaa sana penye mafuta na divai, na ile ahadi ya kurudi tukiipita mbio.

Daktari alituambia kwamba hawezi kusema kama vidole vingalipona iwapo karatasi ingalifika, kwa maana sukari huharibu mishipa polepole kwa miaka mingi. Wengine walitushauri tujifariji kwa neno hilo. Hatukuweza. Zile bahasha mbili nyingine tuliwapelekea wenyewe siku ile ile, nao wakatuambia kwa furaha kwamba hamna neno baya ndani. Lakini hao wawili tulikuwa tumewakosea sawasawa na mama. Amana zao tulizilaza mahali pamoja, kwa uvivu ule ule, siku zile zile. Kama bahasha ya mama nayo ingalikuwa njema, tungalicheka pamoja na kusahau, na kosa letu lingalikuwa lile lile, pasipo mtu wa kulijua. Jambo hili twawaomba wainjilisti walifikiri, kwa kuwa kila mmoja wenu ana ujumbe fulani wa mtu, umelala ndani ya Biblia yake au katika mfuko wa koti.

Sasa hospitali hutupa majibu ya wale tu waliokubali kwa sahihi yao kwamba yapite kwetu. Wengine huitwa kwa simu. Bahasha hatuzifungui wala hatuulizi yaliyomo. Tuna daftari lenye safu mbili: ya kwanza, amepewa; ya pili, amerudi kwa mganga au ameambiwa haina haja. Jina halifutwi mpaka safu zote mbili zijae. Daftari hukaa kwa mama yule, ambaye siku hizi hutembea na fimbo na kujidunga sindano yake mwenyewe, wala hana aibu ya kumfuata mtu hata shambani. Mwezi uliopita zilikuja bahasha 9. Majina 8 yamejaa. La 9 ni la kijana aliyehamia Dar es Salaam kutafuta kazi, na simu yake haipatikani. Jumamosi mama na mmoja wa wazee wa kanisa watakwenda kwa shangazi yake kuuliza anakokaa.