Gwaride Wakati wa Vita

Sisi wa Mngeta gwaride tulilijua kwa wanamgambo. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvamia mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera, na vijana wetu wakawa wakipiga kwata uwanjani kwa bunduki za mti. Sisi wanafunzi wa chuoni tukiacha mbao zetu na kukimbilia kutazama. Watu wakishangilia. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, hakupiga kigelegele hata kimoja. Alikuwa akizipekua nyuso, akimtafuta mwanawe.

Juzi mwanafunzi wangu kaniuliza: je, nchi iliyo vitani kupitisha askari mbele ya watu si majivuno?

Jibu lake si jepesi. Katika sura ya Al-Anfal waumini wamekatazwa wasiwe kama wale Makuraishi waliotoka makwao kwenda Badri kwa kiburi na kujionyesha. Lakini siku ya Uhud, Abu Dujana alipojifunga kitambaa chekundu akatembea kwa maringo baina ya safu, Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa mwendo ule humchukiza Mwenyezi Mungu, isipokuwa mahali kama pale. Tena mwaka wa 8 wa Hijra, Abu Sufyan alisimamishwa penye wembamba wa bonde, vikosi vikampitia kimoja kimoja, hata akaona kuwa kupigana hakuna faida. Makka ikafunguliwa kwa damu chache mno. Lile nalo lilikuwa gwaride, na liliokoa roho za watu.

Sasa mtazame Amin. Mwaka 1975 wakuu wa Afrika walipokutana Kampala, aliwaonyesha ndege zake zikishambulia kisiwa cha Ziwa Viktoria, eti ndio Cape Town. Mabomu yakakosa shabaha! Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Huyu alikuwa akijitishia mwenyewe kivuli.

Basi mimi siulizi askari wangapi wamepita. Nauliza juu ya aliyekaa jukwaani: mwanawe yumo safuni?

Vita vilipokwisha, waliorudi walipokewa kwa ngoma. Mama yule alikwenda tena uwanjani, akasimama palepale. Mwanawe hakuwamo. Maalim wetu alifunga chuo siku ile, akatuongoza nyumbani kwake kusoma hitima.