Siku ya Jeneza, Nani Atatubeba?



Juma lililopita alinijia mzee mmoja, Mkristu mwaminifu wa hapa mjini Tabora. Tulipokwisha kusalimiana alitoa mfukoni daftari lililochakaa pembe zake, akaliweka mezani. Lilikuwa daftari la chama cha kuzikana cha mtaa wao. Ndani yake mmeandikwa majina ya wenye nyumba, na mbele ya kila jina fedha iliyotolewa mwezi hata mwezi. Juma ameandikwa juu ya Yosefu, Maria afuatana na Mwanahamisi, wala hapana mstari uliopigwa kati ya Mkristu na Mwislamu. Mzee huyo ndiye mtunza daftari, naye amelitunza miaka mingi.

"Padre," akasema, "naambiwa daftari hili tuligawe. Waislamu wapeleke fedha yao msikitini, sisi tupeleke yetu katika jumuiya zetu. Wasemao hivyo wamo kwao, na kwetu wamo. Nimekuja kuuliza: nikikataa, nafanya dhambi?"

Nilimwomba asilikate hata ukurasa mmoja mpaka asome gazeti la juma hili. Jibu lake ni hili. Na kwa kuwa nadhani si mtaa wake peke yake wenye swali hilo, nalitoa mbele ya wote.

Kwanza tuwatendee haki wale watakao kugawana, maana sababu zao si za kipuuzi. Mwislamu akifariki alfajiri, mara nyingi jua halijachwa amekwisha zikwa. Fedha ya sanda na ya kaburi yatakiwa saa ile ile, wala haiwezi kungoja mtunza daftari arudi kutoka shamba. Mkristu aweza kulazwa katika chumba cha maiti siku mbili au tatu, akingojewa mwanawe atokaye Mwanza au Kigoma. Pana jeneza la kununua, na pana waombolezaji wa kulishwa siku zote hizo. Mwisho wa mwaka watu wahesabu, wakaona upande mmoja umetumia zaidi kuliko mwingine. Hapo manung'uniko huanza. Tena wako wanaoogopa, kwa nia njema, kwamba kuzikana pamoja kutachanganya dini.

Haya ni maneno ya watu wenye akili, nayo yastahili kujibiwa. Lakini kabla ya kuyajibu tutazame daftari lile lafanya kazi gani.

Katika mitaa yetu ya Tabora mtu huamshwa na adhana, na baada ya kitambo kengele ya Misa hulia. Mfiwa wa saa nane za usiku hangoji adhana wala kengele. Anayebisha hodi kwanza si padre wala si shehe. Ni jirani wa ukuta wa pili, aliyesikia kilio. Kabla hakujapambazuka turubai limekwisha fungwa, mikeka imetandikwa, na masufuria ya chama yamefikishwa uani. Kina mama waja na kuni vichwani na madumu ya maji, maana siku ya msiba ndiyo siku ambayo maji hayatoshi kamwe. Vijana wachukua majembe na sururu kwenda makaburini, na ardhi ya Unyamwezi wakati wa kiangazi si laini. Ni nani kati yetu amewahi kumwuliza mshika sururu amebatizwa wapi?

Utumishi huu haukuanza jana. Mji wetu uliukuta njiani, tena kwa machungu.

Ile barabara ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikagawanyika kwenda Ujiji upande mmoja na Karagwe na Buganda upande mwingine, ilipitisha pembe za ndovu, nguo na shanga juu ya mabega ya wapagazi, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi. Barabara hiyo hiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo. Mtumwa aliyeshindwa kutembea aliachwa pale alipoanguka. Hapakuwa na aliyeita jina lake, wala hapakuwa na aliyemchimbia, na usiku fisi walifika. Tukitaka kujua nchi isiyo na jirani yafananaje, tuikumbuke barabara hiyo.

Lakini wazee wetu walikuwa na dawa yake. Utani baina ya Wanyamwezi na makabila ya njiani, hata ya pwani, ulistawi sana katika safari hizo. Leo twaujua kwa mizaha yake tu, nasi twacheka. Wao waliujua kwa mizigo yake: mgeni akipatwa na ugonjwa mbali na kwao, mtani alimtunza, akifa, mtani alikuwa na wajibu katika maziko yake. Walijua kwamba msafiri hawezi kuchukua ukoo wake wote pamoja naye, basi wakamtengenezea ukoo mwingine njiani.

Wageni nao waliupata wema huo. Burton na Speke walipofika hapa Kazeh mwezi wa Novemba mwaka 1857, wamechoka na homa, aliyewapokea na kuwapatia nyumba na msaada ni mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Yeye Mwislamu, wao Waingereza wasio wa dini yake. Tusimfanye kila mfanyabiashara wa siku zile kuwa mtakatifu, maana biashara ya watu ilipita katika mji huu huu, na damu yake haifutiki kwa sahani ya wali. Hata hivyo wema uliotendeka ulitendeka, na haki yatudai tuutaje.

Tena likumbukeni jeneza moja lililopita hapa. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wetu, mwaka 1872, akingojea wapagazi, kisha akaondoka mwezi wa Agosti. Tarehe 1 Mei 1873 alifariki huko Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua mabegani kuelekea pwani. Wakuu wao walikuwa Chuma na Susi. Chuma alikuwa amebatizwa. Susi alikuwa bado, akabatizwa mwaka 1886. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta ofisa Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wamzike hapa hapa. Shauri lile halikuwa baya, maana njia ilikuwa ya hatari, na zilikuwako nchi zisizokubali maiti ipite. Wakakataa. Wakaifunga ile maiti kama mzigo wa nguo, wakaendelea. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo, na mwili wa yule Mprotestanti ukapokewa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu.

Hesabuni wenyewe ni mikono ya namna gani iliyoshika mzigo ule: waliobatizwa na wasiobatizwa, na mwisho mapadre Wakatoliki. Kama kila mmoja angalisema, "Huyu si wa kwetu," mzigo usingalifika hata Kwihara.

Sasa twende katika Injili. Tangu utoto tumefundishwa matendo ya huruma ya kimwili, na mojawapo ni kuzika wafu. Katekisimu yasema wafu, haikuongeza neno. Mzee Tobiti alihatarisha maisha yake ili kuwazika watu wa taifa lake waliotupwa nje ya ukuta wa Ninawi, na Mungu aliipokea kazi yake. Lakini mwanasheria alipomwuliza Bwana wetu jirani ni nani, Bwana alimpeleka mbali zaidi. Alimpeleka njiani, penye mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akamwonyesha kuhani akipita, Mlawi akipita, na mtu wa dini iliyodharauliwa akisimama.

Wengi twaishia hapo. Tusome mpaka mwisho. Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kwamba chochote kitakachozidi atalipa atakaporudi. Basi hesabu yake hakuifunga. Hakumwuliza yule majeruhi kama Wayahudi nao wamekwisha watibu Wasamaria wangapi. Ndugu zangu, sisi twafunga hesabu mwezi wa Desemba, twatoa na kujumlisha, twaona Waislamu wametumia kiasi hiki na Wakristu kiasi kile, nasi twaita hiyo haki. Chama cha kuzikana hakiwezi kuishi kwa hesabu ya namna hiyo. Mwenye faida kubwa katika chama hicho ni yule ambaye nyumba yake haijafiwa.

Je, dini zitachanganyika? Hapana, kama kila mmoja anajua mahali pake. Shehe anaposimama kumsalia maiti wao, sisi twakaa pembeni kwa adabu, hatusemi tusichokiamini. Misa yetu ikianza, wao hukaa chini ya mwembe mpaka imalizike, kisha huja kuchukua jembe. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha kwamba Kanisa lawatazama Waislamu kwa heshima, ukatuhimiza tusahau magomvi ya zamani na kulinda pamoja haki na amani kwa ajili ya watu wote. Imani inayopotea kwa sababu ya kushika jembe pamoja na jirani ilikuwa imekwisha kupotea siku nyingi.

Nami sina budi kuungama. Miaka yangu ya kwanza ya upadre, jirani yetu Mwislamu alifariki, nami sikwenda. Nilikuwa na mkutano, nikasema moyoni, "Wako wa kwao." Mwaka uliofuata nilimzika baba yangu. Nilipofika nyumbani usiku, nilikuta wana wawili wa yule marehemu wameketi kwenye mkeka, wamekwisha kuchimba. Hawakuninena lolote. Mmoja alinipokea mfuko, akaniambia, "Pole, Padre. Kaa, hujala." Mahubiri niliyoyasikia tangu seminari ni mengi, lakini hilo halijanitoka.

Basi, mzee wangu mtunza daftari, nikikataa kuwa mwamuzi wa mambo ya fedha, yatosha nikupe mashauri matatu. La kwanza: kila mfiwa apewe kiasi kile kile, awe wa dini gani, tena apewe mara moja, na akiba yake iwe mkononi mwa watu wawili ili asikosekane mmoja. Linalozidi, kama ni jeneza au ni chakula, msikiti na jumuiya wajazie watu wao. Hapo hapana upande utakaomla mwenzake. La pili: hesabu isomwe mbele ya wanachama wote, mara mbili kwa mwaka, kwa sauti. Manung'uniko mengi hutoka katika daftari lisilofunguliwa. La tatu, nalo ni kubwa: kila nyumba itoe mtu, si fedha tu. Nasikia katika mitaa mingine Wakristu wenye kazi nzuri hutuma noti kwa mtoto, wao wasionekane. Noti haichimbi kaburi.

Uliniuliza kama ukikataa kuligawa unafanya dhambi. Hufanyi dhambi. Nawauliza mimi wale watakao kuligawa, wa kwetu kwanza: siku mtakayolala ninyi ndani ya jeneza, na mwanenu yuko mbali, mtakuwa na nguvu ya kuchagua mabega?

Mzee, rudi nalo nyumbani. Na jirani Mwislamu akifiwa juma hili, wewe utangulie kubisha hodi.