Kuazima Kimya cha Jirani

Mwaka jana nilianza kukaa kimya dakika kumi kila alfajiri kabla ya rozari, nikifuatilia pumzi inavyoingia na kutoka. Zoezi hili nilijifunza kwenye kitabu cha Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha kutoka Vietnam. Siku moja mama, ambaye ni Mkatoliki hasa, alinikuta nimekaa hivyo akaniuliza: "Mwanangu, sasa unamwomba nani?" Nilikosa jibu. Je, Mkristo anaweza kutumia zoezi la Kibudha bila kuisaliti imani yake?

Wanaokataa wana hoja nzito. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mkristo anamwamini Mungu muumba na wokovu kwa neema. Buddha alifundisha njia ya kukomesha mateso isiyomtegemea muumba. Haya si maneno mawili yenye maana moja. Anayesema dini zote ni sawa anadhani anazipatanisha, kumbe hajaisikiliza hata moja. Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyelelewa katika Ukatoliki, alipoikubali njia ya Buddha alivuka waziwazi akawa mtawa, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibudha karibu na Entebbe.

Hata hivyo, kuhama nyumba ni jambo moja, na kuazima sufuria ni jambo lingine. Hapa Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao wengi ni Waislamu, tunaazimana vyombo kila siku. Maharage yangu yakiiva katika sufuria ya jirani, yanabaki kuwa maharage yangu. Masharti ni mawili: nisiseme sufuria ni yangu, na niirudishe ikiwa safi.

Ndivyo ninavyouelewa urafiki wa Thich Nhat Hanh na Martin Luther King. Walikutana mwaka 1966, na Januari 1967 King alimpendekeza kwa Tuzo ya Nobel ya Amani. King alibaki mchungaji wa Kibaptisti, na mwenzake akabaki mtawa. Kilichowakutanisha ni watu waliokuwa wakifa katika vita vya Vietnam.

Mfano wa karibu zaidi ninao nyumbani. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika: huku Wahutu, kule Watutsi. Buyenzi iliendelea kuwa na mchanganyiko, lakini Machi 1995 umwagaji damu ulifika Bwiza na hapa pia. Bibi yangu alifichwa siku nne na jirani Mwislamu. Anasimulia kwamba mwenyeji wake hakumwambia asilimu, wala yeye hakuona haya kushika rozari mle ndani. Saa ya swala ilipofika, mwenyeji alisujudu naye bibi akanyamaza pembeni. Anasema hajawahi kusali vizuri kama siku zile.

Hapa ndipo naona kiini cha suala hili. Nyumba ile iliokoa mtu bila kuchanganya imani. Iliokoa kwa sababu kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi mbele ya Mungu wake, na mlango ukafunguliwa kabla ya mjadala wa dini.

Sidai kwamba kukaa kimya kunatosha. Myanmar ni nchi ya Wabudha wengi, lakini kuanzia Agosti 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh. Burundi ni nchi ya Wakristo wengi, na historia yetu tunaijua. Utulivu wa alfajiri usiponizuia kucheka mzaha wa kikabila darasani saa nne, nimepumua bure. Nakiri kwamba mwezi uliopita nilicheka.

Kwa hiyo mama nilimjibu hivi: "Namwomba yuleyule. Nimeazima tu namna ya kunyamaza ili nimsikie yeye, na nimsikie jirani." Mama hakuridhika. Aliniuliza: "Na hiyo sufuria utairudisha kwa nani, nawe Mbudha hata mmoja humjui?"

Ni swali la haki. Kwa sasa nina jibu moja tu: mtu akiwadharau Wabudha mbele yangu kwamba ni waabudu sanamu, nisinyamaze, hata kama mtu huyo ni mama yangu.