Mto Mmoja, Wenye Haki Wengi

Mtu asimamaye Ruaha, mji mdogo wa Kilosa kwenye njia itokayo Mikumi, huona neema kila ageukapo: miwa, kiwanda cha sukari, Milima ya Udzungwa ng'ambo, na mto ambao mji huitwa kwa jina lake. Ni wepesi kwetu kusema kwamba sisi ni matajiri. Yafaa tujiulize: je, neema na mali ni kitu kimoja?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Wengi tumeyakariri bila kuyatafakari. Ardhi ni moja tu kati ya manne, na hata orodha haikuanza nayo.

Maji yaliporomoka Kidatu kwa karne nyingi bila kumulika nyumba hata moja. Umeme ulianza mwaka 1975, na leo mitambo ina uwezo wa megawati 204. Lakini kwa miaka mingi nyaya zilikwenda Dar es Salaam zikipita juu ya vijiji ambamo watoto walisomea kibatari. Hatusemi ilikuwa dhuluma. Viwanda navyo vilihitaji nguvu. Hata hivyo, aliyeambiwa angoje ana haki ya kuuliza: mpaka lini?

Swali gumu zaidi liko juu ya mto. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hasa kwa sababu maji huchepushwa kwenda mashamba ya mpunga ya Usangu. Mkulima huyo ana kosa gani? Mchele wake tunaula sote. Tuonavyo sisi, wingi wenyewe ndio uliotulemaza: penye maji tele hakuna ahesabuye, na kila mtu huchukua haki yake kana kwamba chini yake hakuna mwenzake.

Botswana iligundua almasi mwaka 1967, ikiwa maskini kupindukia. Ilihesabu, ikajadiliana na kampuni, ikaweka akiba kwa ajili ya wajao. Kongo, yenye madini mengi zaidi, haikufika huko.

Kwetu, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji hutoa vibali vya kutumia maji. Tangu mwaka 2024 maji ya Ruaha, yakishaungana na Rufiji, huzungusha pia mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere. Mwenye kufungua mfereji Usangu, mkata miwa wa Ruaha na mwenye kuwasha taa Dar es Salaam hawajuani. Ni nani atakayewaketisha pamoja kabla kiangazi kingine hakijafika?