Burudani Mpya za Riyadh na Mizani ya Nafsi

Jioni ya tarehe 18 Aprili 2018, mjini Riyadh, katika ukumbi uliokusudiwa hapo awali kuwa wa muziki wa ala nyingi, waalikwa wake kwa waume waliketi pamoja kutazama filamu ya Kimarekani iitwayo Black Panther, ambayo ni hadithi ya ufalme wa Kiafrika wa kubuni; na kwa kuketi kwao huko likakoma katazo la majumba ya sinema lililodumu kwa muda wa miaka 35 na zaidi. Tangu siku ile mambo yamefuatana kwa haraka. Mwaka 2019 ulianza Msimu wa Riyadh wa burudani, na mwishoni mwa mwaka uo huo vijana wakakusanyika kwa maelfu nje ya mji kusikiliza muziki wa tamasha la Soundstorm. Disemba 2021 Jeddah ikafungua tamasha lake la kimataifa la filamu ndani ya Al-Balad, mji mkongwe wa nyumba za matumbawe na madirisha ya mbao yaliyonakshiwa. Na Julai na Agosti 2024 Riyadh ikawa mwenyeji wa Kombe la Dunia la michezo ya kompyuta, lenye zawadi zilizopita dola milioni 60. Mwislamu wa pwani yetu akiyatazama haya hawezi kuepuka kujiuliza: je, lililokuwa haramu jana limekuwa halali leo, na kama ni hivyo, ni nani aliyekosea, wa jana au wa leo? Swali hilo lina haki ya kuulizwa, lakini likiachwa peke yake hulifunika lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: mwanadamu afanye nini na wasaa wake, na mlinzi wa wasaa huo awe nani, mtawala, mfanyabiashara, au nafsi yake mwenyewe?

Kwetu sisi jambo hili si la ugenini. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilipofunguliwa mwaka 1961 kilipokea, kadiri miaka ilivyopita, vijana wa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na kwingineko, na baadhi yao walirejea na elimu nyingi ya hadithi pamoja na ukali mwingi juu ya ngoma, taarabu na maulidi. Mabishano yenyewe yalikuwapo kabla yao, kwa maana huko Lamu mwanachuoni marehemu Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, alipata wapinzani kwa ajili ya matari yaliyopigwa katika maulidi yake. Lakini ukali uliotoka Hijazi na Najdi ulikuwa na haiba ya kutoka kwenye nchi ya Misikiti Miwili, na kwa haiba hiyo baba aliyekuwa na kanda za nyimbo za Siti binti Saad au za Umm Kulthum aliweza kuona haya mbele ya mwanawe. Leo mjukuu wa baba yule anaona katika simu yake taa na ngoma za Riyadh, na wapo wanaocheka kwa kuona kwamba mambo yamepinduka. Kicheko si hoja. Aliyefuata ukali kwa sababu ulitoka Riyadh, na anayefuata ulegevu kwa sababu umetoka Riyadh, wote wawili wamekosea kosa moja, nalo ni kuupa mji kazi ya dhamiri.

Ni insafu basi kukumbuka jinsi mlango wa burudani ulivyofungwa. Kabla ya miaka ya 1980 watu wa Jeddah walikuwa wakitazama filamu katika nyua na katika vilabu. Televisheni ilianza mwaka 1965 katika enzi ya Mfalme Faisal, si bila ya damu kumwagika, kwani mwana mmoja wa ukoo wa kifalme aliyeipinga aliuawa katika vurugu zake. Na sauti za waimbaji Talal Maddah na Mohammed Abdu zilienea Bara Arabu nzima. Kisha, tarehe 20 Novemba 1979, Juhayman al-Otaybi na wafuasi wake wakauteka kwa silaha Msikiti Mtakatifu wa Makka, na dola ilipokwisha kuwashinda iliwapa wenye msimamo mkali sehemu kubwa ya waliyoyataka, na majumba ya sinema yakafungwa. Kufunguliwa nako kulikuwa na sababu za kidunia: bei ya mafuta iliyoanguka mwaka 2014, wananchi ambao wengi wao ni vijana, fedha zilizokuwa zikitumiwa kwa starehe Dubai na Bahrain, na mpango wa Dira ya 2030 uliotangazwa Aprili 2016 na kufuatwa mwezi uliofuata na kuundwa kwa mamlaka maalumu ya burudani. Katika kufunga aya hazikuongezeka, na katika kufungua hadithi hazikupungua. Palipofungwa palifungwa na siasa, na palipofunguliwa pamefunguliwa na siasa.

Haya hayana maana kwamba wanachuoni hawakuwa na la kusema. Juu ya nyimbo na ala wamehitilafiana tangu zamani: Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1064, aliona hadithi zinazokataza ala hazikusimama sawasawa, na Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alikaza kamba upande wa pili. Mwanafunzi wa huyo Ibn Taymiyya, Ibn al-Qayyim, ambaye vitabu vyake vinaheshimiwa mno Najdi, alieleza kwa urefu kwamba fatwa hubadilika kwa kubadilika zama, mahali, hali, nia na ada za watu. Lakini mwenye kuishika kaida hiyo yafaa aishike yote, kwa kuwa miongoni mwa mambo matano hayo halimo pato la hazina wala radhi ya mwenye amri. Mwaka 2010 Sheikh Adel al-Kalbani, aliyepata kuwa imamu katika Msikiti wa Makka, alisema kwamba hakuna katazo lililo wazi juu ya nyimbo, na akashambuliwa kwa ukali. Mwaka 2021 akaonekana katika tangazo la mchezo wa vita wa Msimu wa Riyadh. Rai iliyotolewa katika upepo wa mbele na rai inayotolewa katika upepo wa nyuma zaweza kuwa moja kwa maneno, ila uzito wake katika mizani ya watu haulingani.

Mfano ulio wazi kupita yote ni sataranji. Januari 2016 ilienea habari kwamba Mufti Mkuu, Sheikh Abdulaziz Al al-Sheikh, ameuharamisha mchezo huo kwa kuwa hupoteza wakati na mali na huzusha uadui. Disemba 2017, mufti yule yule angali katika kiti chake, Riyadh ikapokea mashindano ya dunia ya sataranji ya haraka yenye jina la Mfalme Salman, ambamo Viswanathan Anand wa India na Magnus Carlsen wa Norway walitwaa mataji. Na mwaka 2025 sataranji ikaingizwa katika Kombe la Dunia la michezo ya kompyuta mjini humo, na Carlsen akashinda tena. Sisi tulio wafuasi wa Imamu Shafi hatuna haja ya kuduwaa, kwani katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho watoto wetu wamekisoma vyuoni kwa dahari, sataranji imewekwa katika fungu la makuruhu. Mali ikiwekwa rehani na pande zote mbili, imekuwa kamari. Na wanachuoni wa madhehebu haya wakaongeza kwamba ikimpitisha mchezaji wakati wa sala, imeingia katika haramu. Kete ni zile zile na miraba ni ile ile 64. Kinachopandisha na kushusha hukumu ni yanayotokea kwa mchezaji.

Kurani yenyewe imetuwekea kisa cha namna hii mwishoni mwa Surat al-Jumua. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa amesimama akihutubia siku ya Ijumaa, msafara wa chakula ukaingia Madina kwa ngoma, na watu wakautoroka mkutano wake kuukimbilia, hata wakabaki kwake, kwa riwaya ya Jabir, watu kumi na wawili tu. Aya imeyataja mawili kwa pamoja, biashara na pumbao, ikasema kwamba yaliyoko kwa Mwenyezi Mungu ni bora kuliko yote mawili. Na msomaji aangalie kwamba aya iliyotangulia imewaruhusu watu, sala ikiisha, watawanyike katika ardhi wakatafute fadhila za Mola wao. Kununua nafaka hakukuwa dhambi, na kusikia ngoma za msafara si jambo ambalo aya imelitolea adhabu. Aibu yao ilikuwa katika kushindwa kungoja hotuba imalizike. Na ni ajabu kwamba pumbao na biashara vimetajwa bega kwa bega, kana kwamba zama hizi, ambazo pumbao lenyewe ndilo bidhaa, zilikuwa zikitazamwa tangu hapo.

Upo na mfano wa upande wa pili. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki katika msikiti wa Madina, na Bibi Aisha akawatazama akiwa nyuma ya mumewe, naye Mtume akamsimamia bila ya kumharakisha, mpaka Bibi Aisha mwenyewe akatosheka akaondoka. Mwenye kufikiri aketi na kisa hiki, kwa sababu ndani yake muna ruhusa na muna kikomo, na kikomo hakikutiwa na askari wala na kadhi: kilitoka ndani ya mtazamaji, naye ni msichana mdogo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya usikilizaji wa nyimbo, alisema kwamba pumbao ni raha ya moyo uliochoka na dawa ya uchovu wake, na dawa ina kipimo chake, ikizidi hudhuru.

Hapa ndipo burudani mpya zinapotofautiana na za kale. Wimbo wa Talal Maddah, hata ukiwa mrefu, una beti ya mwisho. Filamu ina mwisho wake, na taa za ukumbi huwaka. Mchezo wa kompyuta wa zama hizi hutengenezwa aghalabu usiwe na mwisho: kila msimu huongezewa viwanja, mavazi na silaha mpya, mchezaji hutuzwa kwa kurudi kila siku na huogopeshwa kwa kukosa, na wenye mchezo hupata mali kwa kadiri ya kutotosheka kwake. Ndiyo maana kampuni ya Savvy, iliyo mali ya mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia, mwaka 2023 ilitoa dola bilioni 4.9 kuinunua Scopely, yenye michezo ya simu. Na Septemba 2025 yakatangazwa mapatano ya mfuko huo na washirika wake kuinunua Electronic Arts ya Marekani kwa dola bilioni 55. Mali ya kiasi hicho haitolewi kwa ajili ya saa moja ya mtu aliyechoka. Hutolewa kwa kutumaini saa zake nyingi za miaka mingi ijayo. Na kikomo cha nje nacho kimelegea: mwaka 2021 maduka ya Saudia yaliruhusiwa kubaki wazi wakati wa sala, na ruhusa hiyo ina hoja zake. Lakini tangu hapo muuzaji hamfungii tena mteja mlango ili akasali, na mteja hana budi kujifungia mwenyewe.

Atasema msemaji: kumbe basi lile katazo la kale lilikuwa na kheri, kwa kuwa liliwalinda wasioweza kujilinda. Jawabu lake limo katika filamu ya Wadjda ya mwaka 2012, ambayo Haifaa al-Mansour aliitengeneza mjini Riyadh wakati nchi haikuwa na sinema ya kuionyeshea, na mara nyingi akawaongoza waigizaji wake kwa redio ya mkononi akiwa amejificha ndani ya gari. Msichana mle anahifadhi Kurani ili ashinde zawadi anunue baiskeli. Anaisoma vizuri, anashinda, na anapoitaja nia yake ananyimwa zawadi. Walimu wamemzuilia mengi, ila hawakuweza kumtia nia hata moja. Sheria yaweza kumweka mtu mbali na kitu kwa miaka 35, na siku kizuizi kinapoondoka ikaonekana kwamba moyo haukuzoezwa kuchagua hata kwa siku moja. Na waliozoezwa kuzuiliwa tu huwa mawindo mepesi ya wauzaji. Tena uhuru wa kustarehe si uhuru kamili maadamu Septemba 2017 walikamatwa wanachuoni kadhaa, akiwamo Sheikh Salman al-Ouda, kwani nchi ambayo mtu huruhusiwa kucheza na haruhusiwi kupinga kwa sauti haijamrudishia dhamiri yake; imembadilishia msimamizi.

Kwa ajili hiyo sioni kwamba Riyadh ya mwaka 1985 ilikuwa hoja juu yetu, wala Riyadh ya leo kuwa ruhusa kwetu. Mtume alitaja neema mbili ambazo watu wengi wamo katika hasara nazo, afya na wasaa, na mwenye mali ndiye aulizwaye kwanza juu ya hasara yake. Kila wimbo, filamu au mchezo mpya unaofika Mombasa au Unguja katika simu ya kijana, kabla hajauliza nchi gani imeuhalalisha, na ajiulize mambo matatu: umemnyima nani haki yake, Mola, mzazi au mwajiri, umeupa moyo wake raha au umeuongezea kiu, na je, akiitwa sasa hivi, aweza kuondoka? Wazee wafundishe kuondoka huko kwa mazoezi ya nyumbani, kwa kuketi na watoto kutazama pamoja na kufunga pamoja, kwa kuwa mtoto aliyeona mzazi wake akitosheka hujifunza kutosheka, na elimu hiyo hakuna amri ya serikali iwezayo kuitoa au kuifuta.