Neno na Aliyelibeba

Wazee wetu walipofiwa hawakutuma mtoto kupeleka habari. Walimchagua mtu mzima mwenye kauli, wakamwagiza akifika asiseme kitu mlangoni. Atapiga hodi, atakaribishwa, ataulizwa habari za huko atokako, naye atajibu, "Nzuri tu," ingawa kilichomleta si kizuri. Atakunywa maji. Kisha atamwita shemeji wa nyumba ile pembeni, na huyo ndiye ajuaye mfiwa ataambiwaje: akiwa ameketi, ameshatia kitu tumboni, na dada yake yupo karibu wa kumshika. Vijana wengi wanauona huo kuwa mzunguko wa bure. Mimi nauona ni ujuzi mkubwa. Wazee walitambua kwamba mtu hapokei maneno matupu. Humpokea na aliyeyaleta, na namna alivyoyaleta.

Kila chombo kipya cha kupelekea habari kimekuja na masharti yake, na masharti hayo yakaingia ndani ya maneno. Waya wa telegramu ulilazwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar mwaka 1879. Huduma hiyo ilipofika kwenye posta za bara, watu walilipia kila neno, basi salamu zikakatwa na maelezo yakakatwa. Hata hivyo hawakuuacha utu wao dirishani kwa karani. Waliandika, "Mama mgonjwa sana njoo haraka." Aliyeipokea mjini alielewa. Alifunga mzigo huku analia, wenzake wakamchangia nauli, na karatasi ile haikutaja kifo popote. Maneno matano yalimwezesha kusafiri, maana aliyebakiwa na chembe ya tumaini huweza kupanda basi.

Redio ilikuwa na ukali wake. Matangazo ya vifo yalisomwa na mtu asiyemjua marehemu, majina moja baada ya jingine. Lakini redio moja ilisikilizwa na nyumba nzima, pengine na majirani pia, na aliyesikia jina la ndugu yake alikuwa na mikono ya kumpokea hapo hapo.

Simu ya mkononi imetuondolea mikono hiyo. Picha ya marehemu yenye mshumaa pembeni inatumwa kwenye kundi la ukoo kabla mjane hajarudi kutoka hospitali. Kijana aliyeko Muscat anaikuta akiwa kazini, katikati ya mapumziko mafupi, amezungukwa na watu wasioijua hata lugha yake. Juu ya picha kuna mjadala wa michango ya harusi. Chini yake safu ya "poleni", kisha mtu anaulizia namba ya fundi bomba. Hakuna aliyekusudia kumuumiza. Chombo kinapanga kila kitu kwa saa kilipotumwa, kifo na fundi bomba vikae mstari mmoja.

Ukimya nao umebadilika maana. Tangu WhatsApp ilipoleta alama za buluu za kuonyesha ujumbe umesomwa mwaka 2014, asiyejibu huhesabiwa kuwa amesoma akapuuza. Mfiwa aliyekaa chini ameishiwa nguvu anasemwa, "Ameona, kanyamaza." Zamani kunyamaza msibani kulikuwa heshima, watu waliketi jamvini na mfiwa bila kusema neno, na kule kukaa kukatosha kuwa pole.

Siwaambii watu watupe simu. Ujumbe wa sauti umemrudishia bibi asiyejua kusoma nafasi ya kusikika, pamoja na pumzi yake, kikohozi chake na kule kusitasita kunakokueleza kwamba jambo ni zito. Ninachodai ni kwamba aliye na habari nzito aulize kwanza nani atakuwa karibu na mpokeaji itakapomfikia.

Ziko koo zilizokwisha kuweka utaratibu. Hakuna kinachoandikwa kwenye kundi mpaka watoto na ndugu wa damu wapigiwe. Kwa aliye ughaibuni hutafutwa kwanza mtu anayeishi naye au rafiki wa mji ule ule, akaombwa aende, akae naye, ndipo nyumbani wapige. Watu husema haiwezekani, picha itavuja. Pengine itavuja, ila saa moja au mbili zinatosha rafiki huyo kufika. Kwa muda huo msimamizi aweke kundi katika hali ya wasimamizi pekee kuandika. WhatsApp inaruhusu, na haichukui hata dakika.